Mafiga Yaliyopanda Basi

Enzi zetu, Mwingereza bado yupo, sie Wapare ulikuwa huolewi ukajipangia chumba kama nyie mliozaliwa juzi. Bibi harusi alifikia kwa mama mkwe, akapika kwenye moto wa mama mkwe, mpaka siku atakayokabidhiwa mafiga yake matatu. Kabla ya hapo hana nyumba. Ni mgeni mwenye kazi nyingi.

Dada yangu Nakiete ndiye aliyeukata huo mnyororo. Tulikuwa tunakaa Temeke, baba kibarua bandarini, mchanga mpaka kwenye meno. Shemeji Mbonea, Mpare mwenzetu, naye alikuwa na kazi hapahapa mjini. Akamwoa dada, akampangishia chumba jirani yetu. Dada akapikia jiko la mkaa, harufu ya nazi ikitutoa sie watoto kwenye mchezo wa rede.

Mama mkwe akashuka kutoka Upareni. Tulimpa shikamoo, akaitikia huku macho yako kwenye lile jiko. Akaliinua kwa mkono mmoja.

"Nakiete, hili ndilo jiko?"

"Ndiyo, mama."

"Linabebeka hivi, na ndoa si itabebeka? Funga mzigo, twende mlimani."

Dada akapiga magoti mchangani, lakini mdomo wake haukupiga magoti. "Mama, mimi nimeolewa na mwanao, na mwanao yuko hapa. Nipe mafiga yangu, nitakupikia mpaka uchoke kula."

Mama yetu akashika kichwa. "Mwanangu, umenivua nguo!"

Yule mama hakugusa chakula. Asubuhi akapanda basi la kurudi Upareni. Dada akakonda, maana alijua shemeji akiitwa nyumbani aoe mwingine, hana ubavu wa kumkatalia mama yake.

Mavuno yalipokwisha, mama mkwe akarudi. Nyuma yake utingo wa basi anahema na gunia.

"Mama, umebeba mlima?" utingo akamuuliza.

"Nusu yake."

Akalimwaga uani: mawe matatu meusi, masizi ya jikoni kwake bado yameng'ang'ania.

"Haya, mwenye mdomo, pika. Nina njaa tangu siku ile."

Dada alilia, akausingizia moshi kabla moto haujawaka.

Siku hizi mama mkwe anatumiwa picha ya bibi harusi kwenye simu, basi, yamekwisha. Mawe yale ninayo mie hapa uani, dada aliniachia. Wajukuu wananicheka, eti bibi na mawe yake. Gesi ikiwaishia wali haujaiva, hawacheki. Wanakuja na sufuria na shikamoo ndefu. Nawaambia chocheeni tu, ila msiyasogeze.