Dagaa wa Mlimani

Jamani, mimba isikieni tu kwa wenzenu. Ya kwangu ilinifanya nile shahada ya mtu.

Miaka ile kambi zilipojaa wakimbizi, nilimpangisha Spesioza, binti wa Kasulu, chumba hapa kwangu Gungu, karibu na ziwa. Alikuwa amepata ufadhili wa masomo ya uzamivu, achunguze udongo wa milima iliyokatwa miti kwa ajili ya kuni. Alikuwa akiipanda milima hiyo peke yake, jembe begani, na kurudi katapakaa tope, bado anacheka. Nilimsifu hadi msikitini.

Udongo wake aliuanika uani kwangu, kila mlima na sinia lake. Siku moja manyunyu yakapita, ukanukia! Nikaonja kidogo. Kufika jioni sinia moja lilikuwa tupu. Kwa hofu nikazoa mchanga wa pale pale uani, nikalijaza.

Asubuhi mwalimu wake alipokuja kukagua, nilikuwa nimeshajipa kipande kingine cha udongo, cha kuagia. Spesioza akachambua lile sinia, akainua kitu kwa vidole viwili.

"Kichwa cha dagaa," akasema polepole.

"Dagaa kapandaje mlima?" mwalimu akauliza.

Nikaona nimsaidie mtoto wa watu. "Labda zamani ziwa lilifika huko juu, profesa."

Profesa akatoa kalamu. Spesioza akatazama dagaa wangu walioanikwa kando ya ukuta, kisha akanitazama mimi, akaninyooshea leso yake.

"Dada Zuhura," akasema kwa upole, "jifute mdomo."