Jina Aliloliitikia

Chuoni nilikaa miaka miwili nikikata bongo za panya vipande vyembamba, nikichunguza kinasi. Hizi ni protini zinazopitisha amri ndani ya seli: kua, sogea, basi acha. Ubongo wa mtoto hujengwa kwa amri hizo, na ile ya kuacha ina uzito sawa na ya kuanza. Kazi hiyo niliijua vizuri, ikanipa kiburi.

Kisha nikajifungua binti, tukiishi kwa wakwe zangu Malava. Alipofika miezi mitano akaanza kulia mchana kutwa. Mgongoni alikuwa na madoa meupe ambayo hakuna aliyeyajali, hata mimi.

"Mtoto analianga hivi akitafuta jina," mama mkwe aliniambia. "Kuna mtu wetu hajaitwa."

Ndiyo desturi yao. Baada ya chai wanawake wakaketi sebuleni, wakaanza kumtajia majina ya marehemu wa ukoo moja moja, mtoto akiwa mapajani mwa bibi yake; jina litakalomnyamazisha ndilo lake. Nilisimama mlangoni nimekunja mikono, nikiwacheka kimoyomoyo. Walipotaja jina la shangazi wa mume wangu, kilio kikakatika. Kichwa kikainama kifuani, mikono ikaruka mbele. Kikainama tena. Na tena.

"Ameitika!" mama mkwe akapaza sauti. "Mmeona? Anasema ndiyo!"

Wakapiga vigelegele. Mshtuko ule nilikuwa nimeusoma: ni kifafa cha watoto wachanga. Na pamoja na madoa yale, maana yake ilikuwa kinasi iliyokosa breki, inayoziamuru seli za ubongo zikue bila kukoma. Ugonjwa huo hautaki kucheleweshwa hata siku moja.

Nilijua, nikanyamaza. Siku kumi na nane nilinyamaza, kwa sababu mama mkwe alikuwa anaimba jikoni, na kwa sababu nami, msomi mzima, nilitamani iwe kweli ni shangazi aliyeitika. Nilipompeleka hospitalini Kakamega, daktari aliuliza mishtuko ilianza lini. Nikasema juzi.

Sasa ana miaka saba. Hasemi, hatembei, namlisha uji kwa kijiko. Huenda siku zile zisingebadilisha kitu. Hakuna awezaye kuniambia, na mimi sijisamehe. Kila asubuhi namfungulia dirisha na kumwita kwa jina lile alilochaguliwa siku ile. Hageuki.