Kioo cha Kabati la Mama

Harufu ya makapi ya kahawa hunifikia kabla ya vumbi lake. Jana jirani yangu hapa Kasese alikuwa anakoboa kahawa, nami nikafunga dirisha, nikatia mkono mfukoni, nikaigusa inhela yangu, kile kichupa cha dawa ya pumu ya kuvuta. Ipo. Mimi ni mtu wa nyumbani kabisa; safari yangu ndefu ni kutoka kitandani hadi barazani, na hata hiyo siifanyi bila inhela. Wanangu hunicheka. Waache wacheke, wao hawakusimama siku ile mbele ya kabati.

Nilikulia Bwera, nyuma ya kinu cha kahawa. Nilikuwa na miaka tisa, na kifua changu kilipiga miluzi hadi kaka yangu Baluku akanibatiza jina la Redio. "Nyamazeni, Redio inatafuta stesheni," alisema tukiwa tunakula, nami nilicheka mpaka nikakohoa, yaani nikamthibitishia.

Muuguzi wa kliniki alipompa mama ile inhela ya buluu, alimwambia aitunze sana, maana ndiyo pumzi ya mtoto. Mama akaitunza kweli. Kwetu kitu cha thamani kilikuwa na mahali pamoja tu: kabati la kioo la sebuleni, penye birika la maua na vikombe sita vya wageni, ingawa hakuna mgeni aliyewahi kufikia cheo cha kuvinywea. Inhela ikawekwa katikati yao, juu ya kitambaa cha kufuma. Mama alifunga kabati kwa ufunguo, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kitenge chake. Nikibanwa, alifungua, akaitikisa, mimi nikavuta taratibu, tukahesabu pamoja hadi kumi ndipo nikaachia pumzi. Kisha inhela ikarudi kwenye enzi yake.

Hatukuwahi kujiuliza itakuwaje siku pindo la kitenge likiwa sokoni Mpondwe.

Siku hiyo mama alikuwa sokoni tangu asubuhi, Baluku ameenda kuchota maji. Upepo ukageuka, ukaleta vumbi lote la kinu ndani. Kifua kikaanza miluzi, halafu miluzi yenyewe ikapungua, na huko kupungua ndiko kulikonitisha. Nikajikokota hadi kwenye kabati. Inhela ile pale, umbali wa kiganja. Nikaiangalia kama mtu anayeangalia mkate dukani bila hata senti. Ndugu zangu, mniamini: wazo la kuvunja kioo halikunijia. Nilimwogopa mama kuliko kifo, kwa sababu kifo sikuwahi kukiona kimekasirika.

Hapo akaingia Mama Kahindo, muuza vitenge aliyetoka upande wa Butembo, Kongo, na kupanga chumba jirani. Alikuja kuazima pasi ya mkaa.

"We Biira, uko naangalia nini?"

Nikaonyesha kufuli. Nikaonyesha upande wa Mpondwe. Sauti haikutoka.

"Vunja!"

Nikatikisa kichwa.

"Uko naogopa kioo? Kioo iko napumua?" Alikwisha kuikamata pasi mezani, ile nzito ya chuma. Kisha nikaona naye anasita, mgeni kwenye nyumba ya watu. Akaniwekea mpini mkononi. "Shika huku, miye nashika huku. Mama yako akikuya, atatupiga wote mbili."

Nikashika. Sijui nguvu ilitoka wapi, lakini pigo la kwanza lilikuwa langu. Kioo kikamwagika, vikombe viwili vikaenda nacho. Mama Kahindo akaitoa inhela, akanikalisha wima. Nikaitikisa mwenyewe, nikavuta. Yeye ndiye aliyehesabu, kwa Kifaransa, na mimi nikiwa nusu mfu nilijiuliza kama kumi ya Kifaransa ni sawa na yetu.

Mama aliporudi, tulikuwa tumesimama kando ya vigae kama wezi wawili. Hakuulizia vikombe. Aliketi sakafuni, akanivuta, akaweka sikio kifuani pangu, akakaa hivyo muda mrefu. Usiku huo hakulala kabla ya kushona mfuko ndani ya kila gauni langu, hata la kanisani.

Kioo hakikurudishwa. Wageni wakiuliza, mama alijibu, "Redio alikuwa na haraka," nami nikainama kwa aibu. Kwa miaka mingi niliamini ule uwazi ni adhabu yangu, umewekwa hadharani ili nisisahau.

Kabati hilo sasa liko kwangu. Juzi fundi alilitazama akasema, "Mama, kioo ni kazi ya dakika kumi tu." Nikafungua mdomo nikubali. Akilini nikamwona mama yangu, jinsi alivyokuwa akipita mbele ya kabati, akipitisha mkono pale palipokuwa na kioo, polepole, kama anayehakikisha kwamba njia bado iko wazi.

"Acha hivyo hivyo," nikamwambia fundi.