Godoro Juani

Mwanamke nisiyemjua alimsimamisha binti yangu nje ya duka la nafaka mjini Isiolo, akamwita kwa jina lake la nyumbani, akamuuliza kama siku hizi anaamka kitanda kikiwa kikavu. Hakuwa na ubaya. Alicheka vile shangazi hucheka, na tayari alikuwa anamtafutia peremende kwenye mkoba. Mimi nilikuwa nyuma yao na mfuko wa maharagwe begani, na nilijua mara moja habari hiyo ilitoka kwa nani. Ilitoka kwangu.

Mimi ni mwandishi na mhariri wa habari wa redio. Kazini nina ukali juu ya jambo moja: mtoto hatajwi jina. Niliwahi kuzuia habari ya ukame kutoka Garbatulla kwa sababu mwenzangu alimtaja msichana aliyekuwa akichota maji, na nikamhutubia mbele ya ofisi nzima. Nyumbani kwangu, mtaani Burat, mhariri huyo mkali hakuwa zamuni.

Binti yangu alikuwa gredi ya kwanza. Jumamosi moja nilimchukua twende soko la mifugo, ambako nilikuwa nafuatilia bei. Mzee mmoja kutoka Sericho alikuwa ameleta ngamia. Nilipoinua simu nipige picha, aliweka kiganja mbele yake. Wafugaji wengi huku hawapendi mifugo wao wahesabiwe au wapigwe picha hovyo, maana jicho la mtu laweza kuwadhuru. Niliomba radhi, nikairudisha simu mfukoni, na njia nzima nikamweleza binti yangu umuhimu wa kuheshimu watu.

Kesho yake asubuhi mke wangu alianika godoro kwenye ua. Binti alisimama kando yake na gauni la kanisani, amenuna. Niliona picha safi sana. Nikaipiga, nikaiweka mtandaoni, na chini yake nikaandika kama taarifa: jina la nyumbani, gredi, mtaa, na kwamba mtuhumiwa wa kulowesha godoro alikataa kuzungumza na wanahabari. Mke wangu aliisoma akaniuliza, "Mhariri, hii umehakiki na mhusika?" Nilimwambia watu wanacheka sana. Siku ile nzima niliishika simu nikitazama nani mwingine amecheka.

Jioni tuliporudi kutoka duka la nafaka, miaka kadhaa baada ya picha hiyo, binti yangu hakulia. Alikuwa akichambua maharagwe nilipomsikia akisema, "Baba, yule mzee wa ngamia alikataa, ukaacha. Ungeniuliza mimi, ningekataa pia."

Nilitaka kumjibu kwamba wakati ule alikuwa mdogo, kisha nikaona hiyo ilikuwa hoja ya upande wake.

Muhula ujao anahamia shule ya mjini ambako hajulikani na mtu. Anataka kujua kitu kimoja tu: kama kuna mtoto wa huko aliyeiona ile picha. Niliifuta, kisha nikaanza uchunguzi kwa utaratibu wangu wote. Yule mwanamke aliipata kwa dada yake wa Sericho. Dada aliipata kwenye kundi la mtandaoni la wauza mbuzi. Msimamizi wa kundi alinisikiliza kwa heshima, akaniuliza kama ningependa anitumie tena, kwa kuwa ni picha nzuri. Kila niliyemwomba aifute alikubali, na karibu kila mmoja alikumbuka mwingine aliyemtumia.

Wiki iliyopita niliongezwa kwenye kundi la wazazi wa shule hiyo mpya. Mwalimu alitangaza kwamba sare zitachelewa, na mtu ambaye sina nambari yake akajibu kwa stika. Ilikuwa binti yangu, amenuna kando ya godoro. Maneno yangu yamekatwa. Uso uko wazi.

Nimemwandikia mtu huyo pembeni nikimwomba aifute. Tiki za buluu zinaonyesha amesoma. Hajajibu. Shule inafunguliwa Jumatatu, na leo asubuhi, akifunga kamba za viatu vipya, binti yangu ameniuliza tena.