Damu ya Kondoo wa Maabara

Hadi leo nikiona kondoo dume aliyenona, nageuza njia. Wakati ule, miaka ya hamsini, nilikuwa msaidizi wa maabara katika hospitali moja huko Shinyanga, na mgonjwa niliyemhangaikia alikuwa mama yangu mzazi.

Alikuwa ametoka kijijini kwetu, upande wa Geita, akiwa na ugonjwa ule unaowatupisha ng'ombe mimba, ambao watu huupata kwenye maziwa mabichi. Kwetu kuchemsha maziwa kulihesabiwa kuwa kuyaharibu. Homa ilimpanda kila alasiri, na alfajiri ikamwacha amelowa jasho, mgongo haunyooki.

Dawa ilikuwapo: streptomaisini, iliyofungiwa kabatini kwa ajili ya wenye kifua kikuu. Daktari aliniambia, "Nionyeshe kwanza kuwa vijidudu vya mama yako vinakufa kwa dawa hii. Sitaitoa kwa kubahatisha."

Kazi hiyo niliijua. Unapanda vijidudu kwenye kisahani chenye chakula kilichochanganywa na damu ya kondoo, unaweka juu yake kijikaratasi kilicholowekwa dawa, unasubiri. Vikiota kote isipokuwa kuzunguka karatasi, basi dawa inaviweza.

Vijidudu vya mama viliota vizuri kwenye chupa ya supu ya kuoteshea, isiyotiwa damu. Nilipovihamishia kwenye visahani, havikuota popote, hata kule pembeni, mbali na karatasi. "Hapa hakuna jibu," daktari akasema. Nikachemsha vyombo upya. Nikagombana na jiko la mafuta ya taa lililotia joto kabati la kuoteshea. Nikapanda tena, visahani vikabaki vitupu. Nilitamani kuvibamiza ukutani. Mama alikuwa hawezi tena kuinuka bila kushikwa.

Nikaenda kwenye zizi la hospitali, alikofugwa kondoo wa kutolewa damu, kuchukua damu nyingine. Mzee aliyemtunza kondoo wetu alikuwa Msukuma wa jamii ya wafuga ng'ombe, kama mimi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ona anavyotembea! Kwato ilikuwa imeoza. Nimemwombea sindano kwa mtoa dawa, anachomwa kila asubuhi."

"Sindano gani?"

"Ile ya wanaokohoa. Mnyama anatoa damu kwa ajili ya watu, asitibiwe?"

Sikuichukua tena hiyo damu. Nikamfuata mtoa dawa, naye mtoto wa wafugaji, nikamfokea mbele ya wagonjwa. "Ndugu yangu," akasema, "ungemwona alivyokuwa akichechemea." Kwetu mfugo ukichechemea, hakuna anayekaa kimya. Hasira zangu zilikosa pa kushika, na hilo likanikasirisha zaidi.

Ndipo nikang'amua kuwa visahani vilikuwa vimejibu siku zote. Damu ya kondoo ilijaa streptomaisini, na vijidudu vya mama vilikufa ndani yake. Nikakimbia kwa daktari. Akanisikiliza, akachukua ufunguo, akafungua kabati. Rafu ilikuwa tupu: mtoa dawa, mwenye ufunguo wa pili, alikuwa amemmalizia kondoo chupa za mwisho. Dawa nyingine ingetoka Dar es Salaam, na hakuna aliyejua lini.

Jioni nilimweleza mama yote, kwa Kisukuma na kwa hasira. Alinisikiliza akiwa amefumba macho.

"Na kondoo?" akauliza.

"Amepona, mayu," nikamjibu mama.

"Afadhali," akasema, kwa furaha ya kweli kabisa, nami nikatoka nje, maana ningemjibu vibaya.