Moyo Nilioupima kwa Dole Gumba

Nimekosa, tena nimekosa kwa dole gumba. Usicheke kwanza. Hapa kijijini wamekwisha kunicheka wote, hata mwenyekiti wetu ambaye hacheki, na wewe nakuomba unisikilize hadi mwisho.

Mimi ni kijana niliyemaliza Chuo Kikuu majuzi tu, somo la biolojia. Nimepangiwa kijiji kimoja cha ujamaa, mwendo wa saa nzima kwa baiskeli kutoka stesheni ya Usoke, nifundishe elimu ya watu wazima. Kasoro yangu ni kuwaza mno. Mtoto akiniamkia shikamoo, nakaa kutwa najiuliza kama marahaba yangu ilitoka na dharau.

Halafu mimi ni Mzaramo! Wenyeji wangu ni Wanyamwezi, na tangu babu zao walipokuwa wakibeba pembe za ndovu kwenda pwani na kupita kwetu, sisi ni watani. Siku niliyofika mama mmoja alinipokea kwa jembe. "Karibu mtani! Babu yangu alifika kwenu mkamnyima maji. Leo utalima mpaka useme pole!" Nikalima. Nikasema pole.

Katika darasa langu alikuwamo dada mmoja, nitamwita Nyamizi. Kusoma alikwisha kujua, alikuja kunisaidia kuwafundisha wazee. Nilimpenda, basi! Sikumwambia neno. Niliwaza nitakachomwambia, nikawaza atakachojibu, nikawaza nitakachojibu mimi, mwisho nikachoka kama mtu aliyekwisha kuoa.

Sasa kijiji kilikuwa kimeahidiwa trekta, na alitakiwa kijana mmoja aende Morogoro, miezi minne, akajifunze kuliendesha na kulitengeneza. Mkutano ulimchagua Nyamizi, akampita mpwa wa mwenyekiti. Ungemwona siku ile! Tangu utoto ameinamia matuta ya tumbaku, na sasa alikuwa anaonyesha wenzake jinsi atakavyokaa nyuma ya usukani, mgongo umenyooka.

Kulikuwa na fomu ya afya ya kujaza, na ndani yake nafasi ya mapigo ya moyo kwa dakika. Mganga wetu wa zahanati alikuwa amekwenda Urambo kufuata dawa.

"Msomi si yupo?" akasema mwenyekiti. "Mwalimu, wewe si umesomea moyo?"

"Nimesomea, Mzee."

"Basi pima."

Hapo ndipo ningesema sijui. Lo, neno dogo kama lile! Maana nilichosomea ni vitabu na vyura. Naweza kukueleza kipande kidogo cha nyama kilichomo upande wa kulia wa moyo, kinachoanzisha kila pigo. Naweza kukueleza neva mbili, moja ya kuuharakisha na nyingine ya kuutuliza, kama pedali na breki za baiskeli. Naweza kukueleza jinsi mishipa ya shingo inavyopima nguvu ya damu na kupeleka habari ubongoni, ili mishipa mingine ijibane au ijilegeze. Lakini mkono wa mtu mzima sikuwahi kuushika nikauhesabu.

Nyamizi akaninyooshea mkono. Nikaukamata kwa dole gumba, nikatazama saa yangu.

Mia moja ishirini na nne!

Nikahesabu tena. Mia moja thelathini! Jasho likanitoka. Msichana ameketi kimya, hajakimbia, hajabeba kitu, na moyo unakwenda kama treni inayokimbilia Tabora. Nikawaza vali ya moyo inayovuja, nikawaza homa ya zamani iliyouharibu, nikawaza kifo.

"Vipi, mtani?" akauliza anacheka. "Ninao moyo, au Wazaramo mmekwisha kuuiba?"

Sikucheka. Nikaandika namba ile, nikatia sahihi. Mwenyekiti akasoma, akatikisa kichwa. "Huyu hawezi kwenda. Ataanguka na trekta la watu." Na jina la mpwa wake likaandikwa mahali pa Nyamizi.

Siku tatu, ndugu yangu! Siku tatu dada wa watu alikaa uani hagusi jembe, amejishika kifua. Mama yake hakumruhusu kuinua hata ndoo. Nikipita, mama yule ananishukuru kwa kumgundulia mwanawe maradhi. Ananishukuru!

Mganga akarudi Jumamosi asubuhi. Nikamkimbilia kumweleza. Akanisikiliza, akaniuliza, "Ulimshika vipi?" Nikamwonyesha kwa mkono wake mwenyewe. Akatazama dole gumba langu muda mrefu.

"Mwalimu, dole gumba lina mshipa wake mnene. Linadunda lenyewe. Watu hupima kwa vidole hivi viwili vinavyofuata." Kisha akaanza kutikisika mabega. "Ulikuwa unajihesabu mwenyewe!"

Mama yangu wee!

Treni ilikuwa Jumatatu. Nikamwomba mwenyekiti aite mkutano Jumamosi ileile. Watu wakajaa, nikasimama nikasema, "Ndugu wananchi, moyo ule haukuwa wa Nyamizi. Ulikuwa wangu."

Wakaangua kicheko! "Mtani huyo! Leo kaja na mpya!" Nikaapa, wakazidi kucheka. Utani ulikuwa umeniponza, hakuna aliyeniamini. Mwenyekiti akasema fomu ni fomu, sahihi ni sahihi.

Nyamizi akasimama nyuma kabisa. "Na apimwe yeye basi, mbele yetu!"

Mganga akaniketisha kwenye kigoda, akanishika kwa vidole viwili. Kwa kila pigo akainua mkono mwingine juu, na watu wakapiga makofi kuufuata. Mwanzoni yalikwenda mbio. Nikavuta pumzi, nikatazama chini, yakapungua, yakapungua, yakatulia kama mtu anayetwanga bila haraka.

"Nyamizi, njoo usimame hapa," akasema mganga.

Alikuja. Alikuja taratibu, kwa makusudi kabisa! Makofi yakaanza kukimbia. Mpiga ngoma mmoja akashindwa kuvumilia, akaudaka mdundo. Wanawake wakapiga vigelegele. Nami nimekaa pale, mishipa ya uso imetanuka yote, nawaka kama mkaa, na najua kwa majina ni neva ipi inayonifedhehesha, wala siwezi kuizuia!

Mganga akampima Nyamizi. Sabini na mbili, shwari kama maji ya mtungini.

"Kwa hiyo binti ni mzima?" akauliza mwenyekiti.

"Mzima kabisa."

"Na mwalimu?"

"Naye mzima. Ila siri ndiyo hana tena."

Hapo ndipo mwenyekiti alipocheka, akajifuta machozi kwa kofia, akaandika jina la Nyamizi kwa mkono wake.

Nilimsindikiza Usoke. Nilitegemea angalau atabasamu. Akaniambia, "Mwalimu, siku tatu nililala nikijua nakufa. Hilo moja. La pili, neno lako umewaambia watu wote wa kijiji, mimi nikalisikia pamoja na mbuzi. Sijakujibu, kwa sababu hujaniuliza." Akapanda. Nikabaki napungia behewa mkono, mimi niliyekwisha kuwaza majibu yote!

Sasa anarudi wiki hii, fundi wa trekta. Sentensi ya kwanza ya kumwambia nimekwisha kuiandika mara kumi na nne, na zote ni mbaya, na usingizi sipati, na nina furaha ya kijinga siwezi kukuelezea.

Nawaonya hasa ninyi wenzangu mliosoma. Mkiulizwa msilolijua, semeni hamjui kabla hamjatia sahihi, maana karatasi yenu inaweza kumlaza mtu mzima kitandani. Na kama una neno la kumwambia mtu, mwendee umwambie mwenyewe, hata kwa kigugumizi. Mimi kijiji kizima kilinitangulia.