Mtetemo wa Kila Jumanne

Mafundi wa mtaa ule walikuwa wengi, lakini gari likigonga chini kila linapoondoka, mwenyewe alielekezwa kwa mmoja tu: bwana mrefu, mabega yameinama kidogo, kucha hazikutakata hata siku ya harusi yake. Kazi yake ilikuwa propela, lile bomba la chuma linalopita chini ya gari kupeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Alilisikia gari likiwa bado kwenye kona. Aliweka kikombe cha chai chini, akatega sikio, akasema, "Huyo krosi ya nyuma imekwisha." Likifika, kweli kiungo hicho cha propela kimekwisha.

Mkewe alimwita Fundi, kama wateja walivyomwita, tangu siku ile alipokuja akiwa msichana kuulizia gari la baba yake lililolala gereji siku kumi.

"Fundi, gari letu tayari lini?"

"Kesho, bosi."

"Kesho ya mafundi huwa haichi."

Mwaka uliofuata wakaoana, na majina yakabaki hayo hayo, Fundi na Bosi. Watoto hawakujaliwa. Walikuwa na nyumba ya vyumba viwili nyuma ya gereji, na pikapu kuukuu ya kubebea vyuma.

Pikapu yenyewe ilikuwa aibu. Ikifika mwendo wa sitini, sakafu inanguruma, kiti kinatetemeka, kioo cha pembeni kinacheza mpaka gari moja la nyuma unaliona mawili. Fundi alijua vizuri ni nini: krosi zote mbili zimelika, na ile beringi ya katikati inayoshikilia propela imelegea kwenye mpira wake. Kazi ya siku moja. "Nitaifanya Jumapili," alisema, na kila Jumapili palikuwa na gari la mtu.

Kisha Bosi akaugua. Maumivu ya mgongo waliyoyadhani ya kuinama kufua yakaja kuwa saratani, nayo ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa. Akapangiwa mionzi kila Jumanne katika hospitali kubwa, mwendo wa saa mbili. Kila Jumanne Fundi alimwekea mto kwenye kiti, akamshika kiuno kumpandisha, wakaenda. Njiani Bosi alishika mpini wa mlango kwa mikono miwili, macho mbele. Fundi alifikiri anaogopa malori, akawa anampa moyo: "Usiwe na wasiwasi, Bosi, nimeliona." Yeye alitikisa kichwa tu.

Wiki ya sita, mdogo wake Bosi alikuja kukaa nao amuuguze dada yake. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Jumatatu moja asubuhi alimfuata Fundi gereji, akasimama kando ya gari alilokuwa amelala chini yake.

"Shemeji, toka kidogo nikwambie kitu."

Fundi akajikokota nje, akafuta mikono.

"Dada tangu jana hali chakula. Unajua kwa nini?"

"Ni dawa. Daktari alisema."

"Si dawa. Ni gari lako. Anasema kila tetemeko linamwingia mfupani kama msumari. Akirudi Jumanne anajifungia bafuni, anafungua maji ili usimsikie analia. Sasa kesho Jumanne nyingine, ndiyo anaiogopa tangu jana." Kisha akamalizia, "Mganga hajigangi, sawa. Lakini na mkewe je?"

Fundi alitupa kitambaa chini. Kisha akamwambia mwenye gari lililokuwa juu ya jeki aje kesho kutwa, akavuta geti, akaiingiza pikapu uani mbele ya dirisha la chumbani.

Aliiinua nyuma, akaweka magogo chini yake. Kwanza alipiga alama kwa patasi pale propela inapoungana na difu ya magurudumu ya nyuma, ili irudi kama ilivyokuwa isije ikapoteza mizani. Akafungua bolti nne, akafungua kishikizo cha katikati, akaivuta propela nzima kutoka kwenye gia boksi na kuziba tundu kwa mfuko wa plastiki oili isimwagike. Aliishika krosi ya nyuma kwa vidole viwili, ikacheza kama jino bovu la mtoto. Alipoibana kwenye jiriwa na kugonga kikombe chake cha chuma kikatoka, ndani hapakuwa na grisi wala vile vyuma vyembamba kama sindano. Palikuwa na vumbi jekundu la kutu. Lingekuwa gari la mteja, angemgombeza mteja huyo.

Bosi alitoka akishikwa mkono na mdogo wake, akakalishwa kwenye kiti kivulini, shuka mabegani.

"Fundi," akasema, "gari langu tayari lini?"

"Leo, Bosi."

"Makubwa! Fundi kusema leo."

Alicheka kidogo, na kicheko kikamuuma. Fundi aliinamia kazi. Alipanga sindano mpya moja moja ndani ya grisi, akazisukuma krosi zote mbili mahali pake, akabadilisha beringi ya katikati pamoja na mpira wake, akarudisha propela alama kwa alama. Alasiri akaenda kuijaribu peke yake. Sitini, sabini, themanini, pikapu ilikuwa imetulia kama inateleza juu ya mafuta. Akaegesha kando ya barabara, akakaa muda mrefu kabla ya kugeuza.

Jumanne hiyo Bosi alishika mpini kama kawaida. Walipopita sitini alisubiri. Hakuna kitu. Mkono mmoja ukateremka, kisha wa pili, na kabla hawajafika nusu ya safari alikuwa amelala, kichwa kimeegemea kioo.

Hospitalini daktari alimwita Fundi pembeni. Alisema kwa upole kwamba mionzi haisaidii tena, wampumzishe nyumbani na dawa za maumivu. Hakuna haja ya kurudi Jumanne ijayo.

Wakati wa kurudi, Bosi ndiye aliyeanza.

"Amesema basi, eti?"

"Amesema upumzike."

"Ndiyo hiyo hiyo."

Fundi akasema, "Kwa nini hukuniambia habari ya gari? Mimi ni mtu wa kuambiwa na shemeji?"

"Nilikuwa na hasira na wewe." Hakupandisha sauti. "Magari ya watu unayasikia yakiwa bado kwenye kona. Nikasema, atanisikia tu. Jumanne hii atanisikia. Sita zikapita."

Fundi aliona barabara imekuwa ukungu, akapunguza mwendo. "Nisamehe, Bosi."

Bosi aliuweka sawa mto wake. "Leo nimelala garini," akasema. "Tuanzie hapo." Kisha akamwomba asikate kona ya nyumbani, aendelee mbele kidogo. Wakaenda mpaka lami ilipoishia, wakageuza.

Alifariki siku ya kumi na tisa, asubuhi, kichwa chake juu ya mkono wa Fundi, akiwa hajatamka tena neno la gari wala la msamaha. Fundi angetamani alitamke. Alingoja mpaka mwisho, na halikuja.

Shemeji alikaa wiki tatu, akakunja nguo za dada yake, akafunga mizigo. Fundi alimpeleka stendi kwa pikapu. Alipokuwa anashuka, shemeji alimshika mkono.

"Shemeji, ulimfanyia. Kuchelewa ulichelewa, lakini ulimfanyia."

"Asante kwa kunitoa chini ya lile gari," Fundi akajibu.

Akamwangalia mpaka basi likaondoka. Kurudi, kwenye njia panda, alisimama injini ikiunguruma taratibu. Kulia ni mbele ya gereji, kushoto ni njia ya nyuma inayofika mlango wa nyumba. Walio nyuma wakampigia honi. Akakata kulia, kwa kuwa kule angalau kulikuwa na mtu anayemngoja, dereva mmoja mwenye gari linalogonga.